Imori si mjusi: majina ya Kijapani ya mijusi na yale tunayoyakosea

Wiki iliyopita nimeletewa tena tafsiri ya kupitia. Kilikuwa kipeperushi cha watoto kuhusu wanyama wa mashamba ya mpunga huko Japani. Chini ya picha ya mnyama mweusi mwenye tumbo jekundu, aliyetulia ndani ya maji, mtafsiri aliandika "mjusi". Neno la Kijapani lilikuwa imori. Kijana aliyeitafsiri ana bidii na Kijapani chake kimenyooka. Nilipomuuliza, akanijibu yale ninayoyasikia kila muhula: "Mwalimu, si ni walewale tu? Tokage, yamori, imori, wote mijusi."

Si walewale. Nafundisha Kijapani na kupitia tafsiri za watu, na hili kosa limenichosha kwa sababu linarudiwa na watu wasiokosea mambo magumu zaidi. Mtu anayeweza kutofautisha ngazi tatu za heshima katika kitenzi anashindwaje kutofautisha mnyama wa ukutani na mnyama wa majini?

Dhana: "Tokage, yamori na imori ni majina matatu ya mjusi"

Imori ni amfibia. Yuko karibu zaidi na chura kuliko na mjusi yeyote. Hana magamba, ngozi yake ina unyevu na yeye hupumua kwa ngozi hiyo pia. Hana kucha. Mayai yake hayana ganda. Jike huyataga moja moja majini, kila yai akilikunjia ndani ya jani la mmea wa majini kwa miguu yake ya nyuma. Anayeanguliwa ana mashavu ya kupumulia yaliyochomoza nje kama vishada pembeni mwa kichwa, kama ilivyo kwa viluwiluwi wachanga. Anayezungumzwa sana Japani ni akahara-imori, yaani imori mwenye tumbo jekundu, na utamkuta kwenye majaruba ya mpunga, mifereji, madimbwi na vijito vya visiwa vya Honshu, Shikoku na Kyushu.

Yamori ni mjusi kweli, wa ukoo uleule wa mjusi kafiri wetu. Ana magamba madogo, ana vidole vilivyopanuka vinavyomwezesha kutembea juu ya kioo, na hana kope zinazofumba, kwa hiyo husafisha macho kwa ulimi. Mayai yake yana ganda, kwa kawaida mawili, na huyabandika kwenye ufa wa ukuta au nyuma ya mbao. Hutoka usiku kuwinda wadudu penye taa. Ndani ya maji hana shughuli yoyote.

Tokage ni neno pana la mijusi wote, na papo hapo ni jina la mjusi mmoja mahususi. Nitalirudia hilo chini.

Sasa, chanzo cha mkanganyiko si uvivu peke yake, na ni haki kukieleza. Kwanza, majina yenyewe yamejengwa kwa namna moja. Mori ni mlinzi, kutoka kitenzi cha zamani moru, kulinda. Ya ni nyumba. I, ambayo zamani ilitamkwa wi, ni mahali pa kuteka maji: kisima, chemchemi, hata mfereji unaopeleka maji shambani. Kwa hiyo yamori huandikwa 家守, mlinzi wa nyumba, na imori huandikwa 井守, mlinzi wa kisima. Mjapani aliyewapa majina hayo hakutazama sura zao. Alitazama kila mmoja anakaa wapi, akawagawa sawasawa. Anayewachanganya leo anapuuza taarifa ambayo jina lenyewe limeitoa bure.

Pili, Kiswahili hakina jina la asili la imori, na sababu yake ni ya kijiografia. Wanyama wa kundi lake, salamanda, hawapo kiasili Afrika kusini ya Sahara. Tunao vyura wa kila aina, na wale amfibia wasio na miguu wanaoishi udongoni, lakini salamanda hatuna. Babu zetu wasingeweza kumpa jina mnyama wasiyemwona. Ndipo mtafsiri anapomtazama kiumbe mwenye miguu minne na mkia mrefu, mkono unaandika "mjusi" wenyewe. Wengine hujaribu kujiokoa kwa kuandika "mjusi wa maji", na hilo ni baya zaidi, maana msomaji wa Rufiji au wa kando ya Ziwa Viktoria akisikia mjusi wa maji anamwona kenge.

Tatu, Wajapani wenyewe huwachanganya, na wanafunzi wangu hupenda sana kunikumbusha hilo. Ni kweli. Watoto wao huwachanganya, watu wazima wa mjini pia. Mkanganyiko huo una umri mkubwa: kamusi ya kale ya China iitwayo Erya, yenye zaidi ya miaka 2000, inayaunganisha majina manne ya kanji, yaani herufi za Kichina, katika mnyororo mmoja, hili ni lile, lile ni lile, mpaka salamanda, mjusi wa majani na mjusi wa ukutani wote wakawa kitu kimoja. Kanji zilipoingia Japani ziliingia na vurugu hiyo. Hata leo yamori huandikwa pia 守宮, maandishi ya Kichina yanayomaanisha mlinzi wa kasri, na matamshi "yamori" yamepewa kanji hizo zikiwa pamoja, si moja moja. Lakini kosa la zamani la watu wa kale halimpi mtafsiri wa leo ruhusa ya kulirudia.

Kuna kisa kimoja kinachoonyesha mkanganyiko huo ulivyowafikisha watu mbali. Katika maandishi ya China ya karne ya 3 imeelezwa kwamba mjusi wa ukutani akilishwa madini mekundu ya zebaki mpaka mwili wake ukawa mwekundu, kisha akatwangwa, alama ya unga wake kwenye mwili wa mwanamke hudumu mpaka siku atakapolala na mwanamume. Ilikuwa dawa ya kulinda wake wa kasri. Jina 守宮 lilipofika Japani likaelekezwa kwa mnyama asiye wake, na dawa ikageuka: enzi ya Edo (1603 hadi 1868) waliuza majivu ya imori aliyechomwa mpaka akawa mkaa, imori no kuroyaki, kama dawa ya mapenzi. Unamnyunyizia unayempenda, naye anakupenda. Mnyama wa dawa ya usafi wa ndoa ni yamori, mnyama wa dawa ya mapenzi ni imori. Ukitafsiri wote wawili "mjusi", kisa chote kinapotea.

Kwa watu wa vitendo, nina sababu nyingine. Imori ana sumu. Ngozi yake ina tetrodotoksini, sumu ileile ya samaki bunju. Kumshika hakukudhuru, lakini ukimshika kisha ukajifikicha macho au ukala bila kunawa, utajuta. Kuna vijana wetu wanaokwenda kufanya kazi mashambani huko, na wanapoingia kusafisha mifereji wanamkuta. Tumbo lile jekundu ni onyo lake kwa ndege na nyoka. Yamori hana sumu kabisa. Maelezo ya usalama yanayosema "nawa mikono baada ya kushika mjusi" yamemwonya mtu juu ya mnyama asiye na kosa, na kumwacha gizani juu ya yule mwenye sumu.

Halafu kuna sayansi. Mjusi akikatika mkia huotesha mwingine, lakini mkia mpya ndani yake una kijiti cha gegedu, si pingili za mfupa kama wa kwanza. Imori huotesha mkia wenye pingili zake, huotesha mguu mzima na vidole vyake, na huotesha lenzi ya jicho. Watafiti wa Japani na wenzao wa Marekani waliwaondolea imori walewale lenzi mara 18 kwa muda wa miaka 16, na kila mara ilirudi ikiwa nzima; matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Mwezi Julai 1994 imori walipelekwa angani ndani ya chombo Columbia, katika safari ileile ya Chiaki Mukai, mwanamke wa kwanza wa Japani kufika angani, ili kuona kama mayai yao yanakua sawasawa pasipo uzito. Makala inayosema "mijusi walipelekwa angani" imepotosha jaribio lote, maana kilichochunguzwa ni mayai yao yasiyo na ganda, ambayo unaweza kuyatazama yakigawanyika.

Nini uandike basi? Andika salamanda. Neno limeshaingia katika Kiswahili, linasomeka, linafuata sarufi bila taabu. Ukihitaji kuwa mahususi, andika "salamanda tumbo-jekundu wa Japani". Na ukiwa na picha lakini hujui ni nani, hesabu vidole vya mguu wa mbele. Vikiwa vinne, ni imori. Vikiwa vitano, ni mjusi wa aina fulani, yamori au mwingine. Huu ndio ushauri ninaoutoa kila mwaka, na natamani ungebandikwa ukutani kwenye kila darasa la Kijapani: mbele vinne, maji; mbele vitano, nchi kavu.

Dhana: "Kanahebi ni nyoka"

Kwa sababu hebi ni nyoka. Naielewa njia aliyopita mtu, lakini kanahebi ni mjusi mwenye miguu minne inayoonekana waziwazi. Ni mwembamba, rangi ya kahawia, magamba yake makavu yenye mgongo uliochongoka, na mkia wake ni karibu theluthi mbili za urefu wake wote. Anapopenya kwenye majani unaona mkia tu ukiserereka, na hapo ndipo unyoka wake ulipo. Anapatikana Japani pekee kwa asili, na kwa mtoto wa Tokyo ndiye mjusi wa kwanza kumkamata uwanjani. Sehemu nyingine za eneo la Kanto watoto humwita kanachoro.

Ile kana ya mbele imeelezwa kwa njia mbili: wapo wanaosema ni chuma, kwa rangi yake, na wapo wanaosema ni neno la zamani la kupendeza, yaani "kanyoka kazuri". Zote ni makisio. Mtu asikuuzie mojawapo kama ukweli wa mwisho.

Kusini, visiwa vya Okinawa, yupo ao-kanahebi. Wanafunzi huandika "wa buluu". Ni kijani kibichi kama jani la mgomba. Ao ya zamani ilibeba buluu na kijani pamoja, na katika majina ya wanyama na mimea bado inabeba. Usitafsiri rangi ya mnyama wa Kijapani kabla hujaiona picha yake.

Dhana: "Tokage maana yake mjusi, basi, imekwisha"

Haijaisha. Mjapani akisema tokage peke yake anaweza kumaanisha mijusi wote duniani. Lakini yule mwenye bustani, akisema "huyu si tokage, ni kanahebi", anatumia maana finyu: mjusi wa mwili laini unaong'aa kama umepakwa mafuta, ndugu wa wale wenye mistari tunaowaona wakiota jua juu ya mawe. Sentensi hiyo ukiitafsiri neno kwa neno unapata "huyu si mjusi, ni mjusi", na nimeipokea hivyo hivyo kwenye kazi ya mtu, mwenyewe haoni tatizo. Kwa maana finyu andika jina lake kamili, nihon-tokage, kisha ueleze sura yake kwa maneno machache.

Hata huyo nihon-tokage si mmoja. Kwa muda mrefu alihesabiwa spishi moja toka kusini mpaka kaskazini. Mwaka 2012 wataalamu walimtenga wa mashariki akawa spishi yake, higashi-nihon-tokage, na mpaka wao unapita eneo la Kinki, kule Osaka na Kyoto. Peninsula ya Izu na visiwa vyake wana wa tatu, okada-tokage.

Na hapa kuna dhana ndani ya dhana: "mwenye mkia wa buluu ni aina tofauti, tena ana sumu". Huyo ni mtoto. Watoto wa tokage huzaliwa na mwili mweusi wenye mistari mitano ya dhahabu na mkia wa buluu unaowaka. Wakikua, hasa madume, rangi hufifia mpaka kahawia, na msimu wa kupandana koo la dume huwa jekundu. Mkia wa buluu humvuta adui apige mkia, maana mkia unaweza kuachwa na kichwa hakiwezi. Sumu hakuna. Jambo la kupendeza kuliko rangi hiyo ni kwamba jike la tokage hubaki na mayai yake shimoni, akiyageuza na kuyalinda mpaka yaanguliwe. Kwa mjusi, hilo si jambo la kawaida.

Dhana: "Kanji ya tokage ina mdudu, kwa hiyo Wajapani walidhani mjusi ni mdudu"

Tokage ikiandikwa kwa kanji ni 蜥蜴, na kila moja ina 虫 upande wa kushoto. Kitabu cha darasa la kwanza kinakufundisha kwamba 虫 ni mdudu, na mtu anajenga nadharia nzima ya ujinga wa wahenga wa watu wengine juu ya hapo. Alama ile ilianza China kama mchoro wa nyoka. Baadaye ikatumika kwa viumbe wengi wadogo wasio ndege, wasio samaki wa kawaida, wasio wanyama wa manyoya: nyoka 蛇, chura 蛙, pweza 蛸, kombe wa pwani 蛤. Hakuna aliyedhani pweza ni mdudu. Ni namna ya kupanga maandishi tu. Wanabiolojia wa Japani, na magazeti mengi, huandika majina ya wanyama kwa katakana, herufi za Kijapani zinazoonyesha sauti tu, kwa hiyo utamkuta トカゲ mara nyingi kuliko hizo kanji. Kujifunza kuandika 蜥蜴 kwa mkono si kazi ya haraka. Kujifunza kuisoma inatosha.

Dhana: "Tokage-modoki si mjusi, maana modoki ni bandia"

Modoki ni kinachofanana na kingine. Kuna chakula cha tofu kiitwacho ganmodoki, kilichokusudiwa kufanana na nyama ya ndege wa porini, na kweli hakina nyama. Lakini mnyama si chakula. Hyōmon-tokage-modoki, yule mwenye madoa ya chui anayefugwa majumbani kote Japani na kuitwa kwa kifupi reopa, ni mjusi halali, wa kundi la yamori. Aliitwa "anayefanana na tokage" kwa sababu, tofauti na yamori wengine, ana kope zinazofumba na hana vidole vya kunata, kwa hiyo hutembea chini kama tokage. Jina linasema: huyu ni yamori anayejifanya tokage. Kwao Okinawa wanaye wa asili, kuroiwa-tokage-modoki, aliyelindwa na mkoa huo kama kumbukumbu ya asili tangu 1978. Haruhusiwi kukamatwa.

Dhana: "Yamori ni mkosi, muue"

Pwani yetu mjusi kafiri ana habari zake za kidini, na hizo ni za watu na imani yao, sizigusi. Ninachosema ni hiki: usiende nazo kwenye nyumba ya kupanga ya Mjapani ukampiga yamori dirishani mbele ya mama mwenye nyumba. Kwake huyo ni mlinzi wa nyumba, anakula mbu na nondo, na kumwona ni ishara njema. Wapo wanaomchukia, kama kila mahali, lakini usitegemee umempata mmoja wao.

Wengine huniambia yamori ni mnyama wa Kijapani halisi kwa kuwa jina lake la kisayansi ni Gekko japonicus. Jina la kisayansi linakuonyesha alikokusanywa, si alikozaliwa. Wataalamu wanaamini alifika kutoka China akifuatana na watu na mizigo yao. Okinawa wanaye mwingine, hōguro-yamori, anayelia kwa sauti usiku, na huyo ni wa jenasi moja na mjusi kafiri wa majumbani mwetu. Mtu wa Tanga akilala Naha, mji wa Okinawa, ataisikia sauti anayoifahamu.

Kidogo kuhusu kōmori. Baada ya kujifunza yamori na imori, kila mwanafunzi huja mbio: popo anaitwa kōmori, kwa hiyo naye ni mlinzi! Siye. Jina hilo lilitokana na kawahori ya zamani. Komori fupi, bila kuvuta o, ndiye mlinzi, lakini huyo ni yaya wa mtoto. Vuta au usivute, tofauti ni hiyo.

Dhana: "Kukata mkia wa mjusi ni ujanja wa kuponea"

Tokage no shippo-kiri, kukatwa kwa mkia wa mjusi. Wanafunzi wangu huutumia msemo huu kwa furaha, kumsifu mtu aliyeponea chupuchupu. Mmoja aliuandika kwenye barua ya kumpongeza bosi wake. Tuliizuia barua kabla haijatoka, kwa sababu msemo huo ni tuhuma. Hutumika pale kashfa inapoibuka katika kampuni au serikalini, wakubwa wakamtupa mdogo abebe lawama, wao wakabaki salama. Mkia ni yule karani aliyefukuzwa. Ukisoma gazeti la Japani wakati wa kashfa ya siasa utaukuta, na kila mara una hasira ndani yake. Ukitaka kuutafsiri, Kiswahili kina "kutolewa kafara", na hapo umefika.

Wapanda milima wa Japani wana matumizi yao ya tokage: kulala juu ya mwamba wenye joto ukiota jua. Huo ndio msemo wa kumsifu bosi, kama bosi anapenda milima.

Nyingine, kwa haraka

"Ōtokage ni mjusi yeyote mkubwa." Ni kenge. Ō ni kubwa, lakini neno zima limekuwa jina la ukoo wa kenge. Komodo-ōtokage ni kenge wa Komodo, nairu-ōtokage ni kenge wetu wa mtoni. Japani haina kenge wa asili.

"Kimbunga Tokage kiliitwa hivyo kwa namna kilivyotambaa." Japani huchangia majina ya vimbunga kutoka kwenye makundinyota, na lipo kundinyota la Mjusi, Tokage-za. Kile cha Oktoba 2004 kiliua watu zaidi ya 90 huko Japani. Si jina la kufanyia mzaha.

"Erimaki-tokage ni wa Japani." Yule mwenye kola inayofunguka shingoni ni wa Australia na New Guinea. Wajapani walimpenda mwaka 1984 baada ya tangazo la gari la Mitsubishi Mirage lililomwonyesha akikimbia kwa miguu miwili.

"Kuna neno kamereon, kwa hiyo Japani kuna vinyonga." Hakuna wa asili. Neno limekopwa kama lilivyo, na vinyonga walioko wako kwenye vizimba.

La mwisho ni hili, na nalisema kwa uzito wake. Mtu akiona jina la Kijapani kwenye orodha ya wanyama wa kufugwa, hudhani mnyama ni wa Japani. Ao-marume-yamori, yamori wa buluu mwenye mboni ya duara, ni wetu. Ni yule mjusi mdogo wa buluu wa msitu wa Kimboza, Morogoro, anayeishi kwenye mikadi, asiyepatikana popote duniani nje ya misitu michache ya jirani. Alikamatwa kwa maelfu kwa ajili ya wafugaji wa nje mpaka akakaribia kwisha, na tangu 2017 yuko kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, yaani waliokamatwa porini hawaruhusiwi kuuzwa kibiashara kimataifa. Kwenye jina hilo ao ni buluu kweli, na dume lake ndilo lenye rangi hiyo. Jike ni la kijani-kahawia. Ukiletewa tangazo la Kijapani lenye jina hilo ulitafsiri, usiandike "mjusi wa Japani". Andika mjusi wa buluu wa Kimboza, kisha muulize mteja wako mnyama huyo ametoka wapi na vibali vyake viko wapi.